Jini wa Utotoni Alikuwa na Masharti

Mwanzoni mwa Oktoba 2025, siku chache baada ya kampuni ya OpenAI kuzindua Sora 2, programu inayotengeneza video kwa akili mnemba, Zelda Williams aliandika kwenye Instagram akiwataka watu waache kumtumia video bandia za baba yake. Baba huyo ni Robin Williams, mwigizaji wa filamu na runinga wa Marekani aliyefariki Agosti 11, 2014 akiwa na umri wa miaka 63. Zelda hakumung'unya maneno. Alisema video hizo ni upuuzi, ni kupoteza muda na nguvu, na kwamba si kitu ambacho baba yake angekitaka. Siku hizo hizo Bernice King, binti wa Martin Luther King Jr., alimuunga mkono, akisema hata yeye anaomba watu waache kumfanyia hivyo baba yake. Habari ilisambaa, kila mtu akatoa maoni yake, kisha mitandao ikahamia kwenye jambo lingine kama ilivyo desturi yake.

Lililobaki ni namna ombi lile lilivyoeleweka, na hapo ndipo naona kasoro. Kuna waliolipokea kama kilio cha mfiwa: binti bado ana majonzi, tumwonee huruma, tusimtumie tena. Wengine walilipokea kama woga wa teknolojia, mwendelezo wa manung'uniko yanayoibuka kila chombo kipya kinapoingia, tangu siku filamu za kimya zilipopata sauti. Mtazamo wa kwanza una utu, wa pili una historia ndani yake, lakini yote miwili inaliweka jambo mahali pasipo pake. Zelda hakuanzisha ugomvi huu, ameurithi. Robin Williams mwenyewe, akiwa hai na katika kilele cha umaarufu wake, aligombana na studio kubwa kuhusu nani ana haki ya kuitumia sauti yake na kwa kazi gani. Na ugomvi huo ulihusu kazi ile ile ambayo wengi tuliotazama katuni miaka ya 1990 tunaikumbuka kwa mapenzi kuliko zake zote: jini wa Aladdin. Kwa hiyo linalobishaniwa leo ni sharti la mfanyakazi, lililotamkwa mapema, likavunjwa, likaombewa radhi, kisha likaandikwa upya kwenye hati ya mirathi. Kinachotuzuia tusilione ni upendo wetu wenyewe wa utotoni.

Upendo huo una sababu zake na haufai kubezwa. Watoto walianza kumjua Williams mwaka 1978 kama Mork, kiumbe kutoka sayari ya Ork, katika kipindi cha runinga cha Mork & Mindy kilichorushwa na ABC hadi 1982. Baadaye wakamwona akiwa Peter Pan aliyezeeka katika Hook ya 1991, jini mwaka 1992, baba aliyejigeuza yaya mwanamke katika Mrs. Doubtfire ya 1993, na mwanamume aliyenaswa ndani ya mchezo katika Jumanji ya 1995. Zipange kazi hizo mstari mmoja uone zinavyofanana. Peter wa Hook ni mtu mzima aliyesahau kwamba aliwahi kuwa mtoto asiyekua. Alan wa Jumanji alimezwa na mchezo akiwa mvulana, akatoka miaka 26 baadaye akiwa na ndevu na moyo wa mvulana yule yule. Katika Jack ya 1996 ni mtoto wa miaka kumi mwenye mwili wa mtu wa arobaini. Tena na tena aliigiza mtoto aliyefungiwa ndani ya mtu mzima, au mtu mzima anayetafuta njia ya kuwarudia watoto. Aliyeketi mbele ya runinga akiwa na miaka saba alimtambua mara moja kuwa mwenzake. Watu wazima wengine kwenye skrini walikuwa wazazi, walimu au maadui wa shujaa. Huyu alikuwa upande wetu. Ndiyo maana watu wengi wakimzungumzia hawaishii kusema walimpenda, husema alikuwa wao. Kutoka hapo hadi kuamini kwamba tuna fungu katika mirathi yake ni hatua moja tu.

Mtoto hajui, na hana sababu ya kujua, kwamba ule mchezo ulikuwa kazi. Mimi ni miongoni mwa waliomjua kwanza kama sauti, na kwa muda mrefu sikujiuliza kama nyuma ya sauti kulikuwa na mtu anayechoka. Nyuma ya jini kulikuwa na mwigizaji aliyesoma Juilliard, New York, aliyepita majukwaa ya vichekesho usiku baada ya usiku, na aliyeingia studio ya Disney akapewa maandishi, kisha akaachiwa nafasi ya kubuni papo hapo. Alirekodi mistari ile ile kwa namna nyingi mno, sauti moja ikizaa nyingine, na mchoraji Eric Goldberg, aliyesimamia uchoraji wa jini, akawa anaufinyanga mwili wa katuni uifuate sauti. Kabla ya hapo kuna jambo dogo ambalo katika mjadala wa leo nalihesabu kuwa kubwa. Ili kumshawishi Williams aikubali kazi, Goldberg alichukua kanda ya vichekesho vyake vya jukwaani akaichorea jini anayetamka maneno yale. Maana yake ni kwamba Disney walichukua sauti yake, wakaipachika kwenye mwili ambao hakuwahi kuuigiza, tena kabla hajakubali chochote. Kwa juu juu ni kitendo kile kile kinachofanywa na programu za leo. Tofauti ni kwamba waliochora walimwonyesha mwenye sauti, wakaketi wakisubiri jibu lake. Alicheka, akakubali.

Alikubali kwa masharti. Kwa mwigizaji wa hadhi yake malipo yalikuwa madogo sana, dola 75,000, kiwango cha chini cha chama cha waigizaji, kwa filamu iliyokuja kuingiza zaidi ya dola milioni 500 duniani. Kwa upande wake aliomba sauti yake isitumike kuuza bidhaa, na jini asitawale matangazo ya filamu. Sura yake isizidi robo ya bango. Alieleza wakati ule kwamba alitaka kuwa sehemu ya utamaduni wa filamu za katuni, na kuwaachia watoto wake kitu. Aladdin ilipotoka Novemba 1992, Zelda alikuwa na miaka mitatu. Yeye ni mmoja wa walengwa wa kwanza wa kazi ile, na wanaomwona leo kama mtu wa pembeni anayewaharibia mashabiki kumbukumbu zao wamesahau kwamba jini alitengenezwa kwa ajili yake kabla ya kuwa wetu.

Masharti yakavunjwa. Jini alikuzwa kwenye mabango, na sauti ikatumika kutangaza bidhaa. Williams alijitokeza hadharani kulalamika, akakata uhusiano na Disney. Filamu ya pili, The Return of Jafar ya 1994, ilitoka bila yeye. Sauti ya jini ikatolewa na Dan Castellaneta, mwigizaji anayejulikana zaidi kama Homer Simpson. Disney walijaribu kumtuliza kwa zawadi ya mchoro wa Picasso, lakini hakurudi mpaka uongozi wa studio ulipobadilika na mkuu mpya, Joe Roth, kumwomba radhi hadharani. Ndipo akarekodi filamu ya tatu, iliyotoka mwaka 1996. Picasso haikutosha, radhi ya hadharani ilitosha. Mtu wa namna hiyo huwezi kusema alikuwa na kinyongo cha fedha. Alikuwa anadai neno lake liheshimiwe, na alikuwa tayari kumwachia mtu mwingine nafasi aliyoipenda kuliko kuona sauti yake ikifanya kazi ambayo hakuiridhia.

Alipofariki, mawakili walifungua hati ya amana aliyoiacha. Habari zake zilichapishwa mwaka 2015: haki za kutumia jina, sauti, saini na sura yake alizielekeza kwa mfuko wa hisani wa Windfall Foundation, na akaweka kizuizi kwamba visitumike kibiashara kwa miaka 25 baada ya kifo chake, yaani hadi Agosti 2039. Wachambuzi wengine waliihusisha hati hiyo na mambo ya kodi, kwa kuwa wakati ule mamlaka ya kodi ya Marekani ilikuwa ikivutana na warithi wa Michael Jackson kuhusu thamani ya sura ya marehemu. Inawezekana kodi ilikuwamo. Hata hivyo mtu ambaye miaka ishirini na kitu kabla alikuwa amegombana na mwajiri wake kuhusu jambo hilo hilo hahitaji mhasibu wa kumkumbusha. Na hati hiyo haikuwa ufunguo uliotupwa baharini. Mwaka 2023, Disney walipoadhimisha miaka 100 kwa filamu fupi ya Once Upon a Studio, waliomba ruhusa kwa wasimamizi wa mirathi, wakaipata, na jini akasema maneno machache aliyoyarekodi Williams mwenyewe miaka ya 1990, yaliyokuwa yamelala kwenye kanda za akiba. Hakuna herufi iliyotungwa na mashine. Nani anaweza kusema kwamba familia ile inachukia teknolojia au haitaki watu wamkumbuke mzee wao?

Nije kwenye hoja za upande wa pili, kwa kuwa zipo na nyingine ni nzito. Ya kwanza ni kwamba sinema haikuwahi kuheshimu mpaka kati ya walio hai na waliokufa. Mwigizaji Oliver Reed alifariki Malta mwaka 1999 kabla ya kumaliza sehemu yake katika Gladiator, na kompyuta zikasaidia kuikamilisha. Mwigizaji Peter Cushing alifariki 1994, akaonekana tena mwaka 2016 katika filamu ya Rogue One, sura yake ikiwa imevishwa mwigizaji Guy Henry. Hata bila kompyuta, kila filamu ya zamani tunayoitazama ni marehemu wakizungumza. Hoja hii ina ukweli mwingi kuliko tunavyopenda kukubali, na inawafunga mdomo wanaosema kitendo chenyewe ni haramu kwa asili yake. Lakini haimfikii Williams. Reed alikufa akiwa kazini, kwenye kazi aliyoikubali, na wenzake waliimalizia. Mfano wa Cushing uko karibu zaidi na wa leo, na ndiyo maana ulizua ubishi tangu siku ya kwanza. Mifano ya zamani inathibitisha kwamba swali la ridhaa limekuwapo muda wote. Haithibitishi kwamba limekwisha kujibiwa.

Hoja ya pili naiona kuwa nzuri kuliko zote: Williams mwenyewe alikuwa mwigaji. Nusu ya utamu wa jini ni kwamba anabadilika kila dakika, mara Jack Nicholson, mara Groucho Marx, mara Ed Sullivan, mara Schwarzenegger. Hakuwaomba ruhusa. Groucho na Sullivan walikuwa wameshafariki. Kwa nini yeye aige na asiigwe? Hapa kuna jambo la kutafakari, kwa kuwa watu huchanganya kuiga na kujivika. Kichekesho cha mwigaji kinasimama juu ya ukweli kwamba tunajua siye. Tunacheka kwa sababu Williams, kwa koo lake mwenyewe, amemkaribia Nicholson kwa sekunde mbili kisha akamtoroka. Tukiamini kwamba ni Nicholson, kicheko kinakufa. Video bandia inataka kinyume chake: inafanikiwa kadiri tunavyosahau kwamba siye. Castellaneta aliigiza jini bila Williams, akalipwa, jina lake likaandikwa, na aliyempenda alimpenda yeye. Kadhalika mamilioni ya watoto duniani hawakuwahi kuisikia sauti ya Williams kabisa. Jini wa Italia alikuwa Gigi Proietti, wa Ufaransa alikuwa Richard Darbois, na watu wazima wa nchi hizo wanawakumbuka hao kwa mapenzi yale yale. Hakuna aliyemlalamikia Proietti. Nafasi ya jini ingeweza kuchukuliwa na wengine, na ilichukuliwa. Jina na uso wa Robin Williams ni jambo jingine.

Ya tatu ni hoja ya ridhaa yenyewe. James Earl Jones, sauti ya Darth Vader, adui maarufu wa filamu za Star Wars, aliruhusu kampuni ya Respeecher ya Ukraine itumie kanda zake za zamani kutengeneza upya sauti yake, akiwa hai na mwenye akili timamu, kisha akastaafu kazi hiyo. Mwigizaji Val Kilmer, aliyepoteza sauti kwa saratani ya koo, alifurahi kuirudishiwa na mashine. Wanaosema akili mnemba si adui wa mwigizaji wana mifano hii, na wanaitumia kwa haki. Nami naiona kuwa inaniunga mkono: mmoja alisema ndiyo, mwingine alisema hapana kwa miaka 25, na majibu yote mawili yana uzito ule ule. Ila hata ndiyo ya Jones imeleta somo. Mei 2025, miezi minane baada ya kifo chake, mchezo wa Fortnite ulimleta Vader anayezungumza na wachezaji kwa sauti yake, kwa baraka za familia. Haikuchukua muda wachezaji wakamfanya atukane, na watengenezaji wakalazimika kurekebisha haraka. Chama cha waigizaji nacho kikafungua malalamiko kuhusu kazi ya waigizaji wa sauti waliokuwa wakimwigiza Vader. Mtu anaweza kuridhia sauti yake itumike katika hadithi iliyoandikwa. Kuridhia maneno ambayo hayajaandikwa na mtu yeyote ni jambo ambalo hata sijui mtu angelifanyaje.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: amekufa, haumii, na yasiyomuumiza yeyote hayana kosa. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda, na wanaoitoa hoja hii wanazungumza kana kwamba hapo ndipo mjadala unapoishia. Lakini huyu aliulizwa, akajibu, na jibu lake liko kwenye maandishi. Kama wafu hawana madai, basi wosia wote ni karatasi tupu, na hakuna jamii ninayoijua inayoishi hivyo. Tunagawa mali za watu kwa maneno waliyoyaacha, tunawazika walikotaka kuzikwa, tunawalea watoto wao kwa majina waliyowapa. Hatufanyi hivyo kwa kuamini kwamba marehemu ataona uchungu tusipofanya. Tunafanya kwa sababu kila aliye hai anapanga maisha yake akitegemea kwamba neno lake halitafutwa siku atakapokata pumzi. Mwigizaji kijana anayesaini mkataba leo anaangalia wanavyofanyiwa waliotangulia. Hoja hiyo inasahau pia jinsi Williams alivyoondoka.

Alijitoa uhai, na uchunguzi wa mwili ulionyesha kwamba ubongo wake ulikuwa umeshambuliwa vikali na ugonjwa wa Lewy, ambao hakuwa ameambiwa kwamba anao. Mkewe, Susan Schneider Williams, aliandika mwaka 2016 katika jarida la kitabibu la Neurology kwamba wakati wa kupiga filamu ya tatu ya Night at the Museum, mumewe alipata shida kukumbuka hata mstari mmoja, ilhali miaka mitatu kabla alikuwa ameigiza Broadway kwa miezi mitano, maonyesho mengi kwa wiki, bila kukosea. Sitaji habari hii ili nivute machozi. Naitaja kwa sababu inaonyesha kazi ile ilikuwa imetengenezwa kwa kitu gani. Wepesi ambao mtoto aliuona kama uchawi ulikuwa kumbukumbu, mazoezi na ubongo mmoja mahususi, na mwenyewe alijua ulipoanza kumponyoka. Video inayomwonyesha akitiririka maneno bila kikomo inafuta gharama hiyo yote, halafu inasema inamuenzi.

Sheria inaweza kusaidia kiasi gani? Historia yake inaeleza kwa nini inapwaya. Bela Lugosi, Dracula wa filamu ya 1931, alifariki 1956. Warithi wake waliishitaki studio ya Universal kwa kuuza bidhaa zenye sura yake, na mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba haki hiyo ilikuwa ya Lugosi binafsi na ilikufa naye. Watunga sheria wakaziba pengo, na tangu 1985 jimbo hilo linawapa warithi haki ya sura ya marehemu. Leo inadumu miaka 70. Mwaka 2024 Gavana Gavin Newsom alisaini sheria inayokataza hasa nakala za kidijiti za marehemu bila ridhaa ya warithi, yenye fidia isiyopungua dola 10,000. Huko nyuma, mgomo wa waigizaji wa 2023, uliodumu tangu Julai hadi Novemba, ulikuwa umeshaingiza vifungu kama hivyo kwenye mikataba ya studio. Yote haya ni mema. Lakini tazama yalivyoundwa: yanaichukulia sura kama shamba. Linarithiwa, linakodishwa, linauzwa. Shabiki anayetengeneza video bila kuuza chochote hajihesabu kuwa amevamia shamba, na mrithi anayekubali kuuza hajavunja chochote. Mwaka 1997 Fred Astaire, mcheza dansi wa filamu aliyefariki miaka kumi kabla, alionyeshwa kwenye tangazo akicheza dansi na mashine ya kufyonza vumbi. Mjane wake aliruhusu, binti yake akasikitika waziwazi. Mbele ya sheria mjane ndiye aliyekuwa na neno. Astaire mwenyewe hakuwa na njia ya kulisema lake.

Kampuni za akili mnemba nazo zimeligeuza suala hili juu chini. Sora 2 ilipoanza, aliye hai alipaswa kuridhia mwenyewe kabla sura yake haijatumika, lakini wale walioitwa watu wa kihistoria waliachwa wazi. Baada ya familia ya King kulalamika, OpenAI ilisitisha video za Martin Luther King Jr., ikasema wawakilishi wa marehemu wengine wanaweza kuomba kuondolewa. Soma tena kwa makini: wanaweza kuomba. Mzigo umehamishwa kutoka kwa anayechukua kwenda kwa anayechukuliwa, na marehemu asiye na binti mwenye jina kubwa hana wa kumwombea. Waigizaji wadogo waliojaza vipindi vya runinga tulivyovitazama utotoni, wale ambao sura zao tunazikumbuka na majina hatuyajui, ndio watakaoishia kuwa malighafi ya bure. Goldberg alipachika sauti, akaonyesha, akasubiri. Siku hizi inapachikwa, inasambazwa, kisha anayeudhika anapewa fomu ya kujaza.

Mashabiki nao wana la kupoteza, na hili halizungumzwi vya kutosha. Kumbukumbu ya utotoni inadumu kwa sababu kitu chenyewe hakibadiliki: jini anatoka kwenye taa kwa namna ile ile uliyoiona ukiwa na miaka saba, na wewe ndiye uliyebadilika, ndiyo maana kumtazama tena kunakuonyesha umbali uliotembea. Kila Williams mpya anayetengenezwa anamsogeza kidogo yule wa zamani. Anayezaliwa sasa atakutana na wote wawili kwa mpigo kwenye simu, bila mpangilio na bila tarehe, na ile alama ndogo ya kuonyesha kwamba video ni ya mashine haitamsaidia, kwa sababu hajawahi kumjua wa kweli wa kumlinganisha naye. Wanaosema wanatengeneza video hizi ili kizazi kipya kimjue wanakinyima kitu kile kile walichopewa wao. Kazi zake halisi zipo, nyingi, na zinapatikana.

Agosti 2039 kizuizi cha miaka 25 kitakwisha. Aliyekuwa na miaka sita Aladdin ilipotoka atakuwa na 53, umri ambao watu hulipia utoto wao kwa bei yoyote, na biashara ya filamu inalijua hilo. Sheria ya California itaendelea kuwapa wenye haki mamlaka hadi 2084, ila ndiyo au hapana itakuwa yao. Itakuwa imeacha kuwa yake. Vyama vya waigizaji, kwa hiyo, vina kazi ambayo haiwezi kuachiwa mabinti na wajane: kudai daftari la wazi ambamo mwigizaji, angali hai, anaandika kipi kinaruhusiwa kufanyiwa sura na sauti yake, kwa muda gani na katika kazi za namna gani, na mrithi asiweze kulifuta. Programu zinazotengeneza video zilazimike kulisoma daftari hilo kabla ya kuchora fremu ya kwanza, na ambaye jina lake halimo ahesabiwe kuwa hajaridhia.